Kisamvu, Mlonge, Chaya au Matembele: Mboga ya Kudumu ya Kuchagua Mtwara na Lindi

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, na ndani ya miezi hiyo ni wachache wanaohitaji kufikiria mboga itatoka wapi, kwa kuwa majani ya kunde, msusa na mchicha hupatikana shambani, na mengine huota yenyewe nyuma ya nyumba. Kuanzia Juni hali hugeuka. Mchicha unaotaka kumwagiliwa asubuhi na jioni hubaki kwa walio karibu na mto au wenye bomba lisilokatika, fungu la sokoni hupungua unene huku bei ikibaki palepale, na kaya iliyo mbali na maji hula dagaa, kunde kavu na choroko mpaka mvua zirudi. Hapo ndipo mboga za kudumu, yaani zile zinazopandwa mara moja na kuchumwa kwa miaka kadhaa, zinapostahili kuzingatiwa. Aina zake ni nyingi na kila moja ina watetezi wake. Ulinganisho huu unazipima tano ambazo mkazi wa mikoa hii anaweza kupata mbegu au vipando vyake bila kwenda mbali: kisamvu cha muhogo, kisamvu cha mpira (majani ya mti wa mpira ulio ndugu wa muhogo), mlonge, chaya na matembele.

Mwezi wa Machi mimea yote hii hupendeza, na mtu anayechagua kwa kutazama bustani ya jirani wakati wa masika atachagua kwa macho tu. Maswali yanayofaa ni mawili. La kwanza, ni ipi itakayokuwa na majani ya kuchuma mwezi Septemba, mikorosho ikiwa na maua na ardhi ikiwa imekauka? La pili, ni nani atakayeipika, kwa kinu kipi na kwa kuni kiasi gani? Mambo mengine yote, pamoja na sifa za lishe zinazotangazwa sana, nimeyaweka nyuma ya hayo mawili.

Kabla ya kuendelea, tahadhari moja kwa wanaosoma habari za kilimo kwenye intaneti. Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu mboga za kudumu hutoka katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama Uingereza na maeneo ya kaskazini ya Marekani, ambako adui wa mmea ni barafu. Huko majani hufa wakati wa baridi, mzizi hulala chini ya udongo, na joto linaporudi mmea huchipua wiki kadhaa kabla ya mboga za kupandwa kila mwaka, hivyo huziba pengo la njaa la mwanzo wa majira. Asparaga, kwa mfano, husubiriwa miaka miwili au mitatu kabla ya kuvunwa kikamilifu, kisha hutoa machipukizi kwa miaka 15 au zaidi, lakini mmea huo unataka kipindi cha kulala ambacho huko huletwa na baridi, kitu ambacho Lindi haina. Sukuma wiki nayo ina tabia ya kuvutia: jamii hiyo ya mboga huhitaji baridi ili itoe maua, na kwa kuwa pwani yetu haina baridi hiyo, shina moja linaweza kuendelea kutoa majani kwa zaidi ya mwaka. Nimeiacha nje ya ulinganisho kwa sababu inakunywa maji kila siku kama mchicha, na joto letu huiletea vidukari wengi. Linalotufaa katika maandishi hayo ni kanuni yenyewe: mmea wa kudumu huweka akiba kwenye mzizi au shina ili uvuke msimu mbaya. Kwetu msimu mbaya ni kiangazi, na mmea unaofaa ni ule wenye akiba ya kukivuka.

Nani anavuka kiangazi

Hakuna hata mmoja kati ya hii mitano unaovuka kiangazi cha miezi sita bila kudhoofika, na anayekuuzia kipando kwa kuapa kwamba majani hayatapukutika anatafuta wateja. Tofauti ipo katika kiwango cha msaada ambao kila mmoja unahitaji.

Chaya ndiyo mvumilivu kuliko yote. Asili yake ni Mexico, hasa rasi ya Yucatán, ambako Wamaya wameila kwa karne nyingi, na shina lake nene lenye maji humsaidia mwenye bustani kwa njia ambayo haionekani mpaka ukame uwe umefika: udongo unapokauka, majani huwa madogo na kukua hupungua, lakini mmea hauendi kupumzika haraka. Kichaka kilichokwisha kukomaa, chenye mwaka mmoja na zaidi, kikipewa maji yaliyosuuziwa vyombo mara chache kwa wiki, huendelea kutoa majani ya kutosha mlo. Sharti ni kukiacha kikomae. Katika mwaka wa kwanza kisichumwe sana, na baada ya hapo wachumaji wasichukue zaidi ya nusu ya majani kwa mara moja.

Mlonge unafuata, lakini kwa masharti ambayo wengi huyapuuza. Mlonge uliopandwa kwa mbegu huteremsha mzizi mkuu unaokwenda chini sana kutafuta unyevu, ilhali uliopandwa kwa tawi huwa na mizizi ya juujuu, ndiyo maana milonge miwili iliyosimama ua mmoja inaweza kuwa mmoja na majani na mwingine mtupu mwezi Agosti. Kwa hiyo mwenye haraka anayechomeka tawi la jirani hupata kivuli mapema na mboga kidogo wakati wa shida. Sharti la pili ni kuukata. Mlonge ukiachwa hupanda juu mita nane au zaidi, majani yakakaa mahali ambapo ni ndege tu wanaoyafikia. Ukikatwa kimo cha mita moja hivi, kisha matawi yanayochipua yakakatwa tena, huwa kichaka kinachochumwa na mtoto. Ukame ukizidi huupukutisha, na usiku wa baridi wa Juni na Julai kule Newala hupunguza kasi yake, ila haufi.

Kisamvu cha mpira ndicho kinachowadanganya watu kwa ukubwa wake. Mti huu ni ndugu wa muhogo, asili yake ni eneo la Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazili, na ulienea Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Wajerumani, walioupanda kwenye mashamba makubwa kwa ajili ya utomvu kabla bei ya mpira haijaporomoka mwaka 1913. Mashamba yalikwisha, miti ikabaki, na wapishi wakagundua faida yake nyingine. Kwa kuwa nchi yake ya asili ina kiangazi kirefu, umezoea kujiokoa kwa kumwaga majani, kwa hiyo mti mkubwa usioguswa unaweza kusimama na matawi matupu wakati ambapo mwenye nyumba alitegemea kula. Dawa yake ni panga: matawi yakatwe kimo cha kifua kabla unyevu wa masika haujaisha ardhini, ili machipukizi mapya yapate nguvu. Mwenye miti mitatu na aikate kwa kupishana, mmoja baada ya mwingine, asiikate yote siku moja.

Kisamvu cha muhogo, ambacho kila mtu anacho, hushindwa hapa kwa sababu isiyo ya ladha. Wakati wa ukame muhogo huangusha majani ya chini na kubakiza kishungi kidogo cha majani machanga kileleni, na hayo ndiyo yanayotengeneza chakula cha mizizi. Kuyachuma mara kwa mara ni kuhamisha chakula kutoka kwenye mzizi kwenda kwenye kinu. Kaya inayotegemea muhogo kwa ugali haina budi kuamua mapema mashina yapi ni ya majani na yapi ni ya mizizi.

Matembele ni ya mwisho au ya kwanza, kutegemea mahali. Marando ya viazi vitamu hayana akiba ya maana kwenye shina. Udongo wa juu ukikauka, majani hugeuka madogo na magumu, kisha manjano. Lakini mahitaji yake ni madogo mno: kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa mikeka miwili nyuma ya bafu, au mahali ambapo bomba la mtaa humwaga maji, kinaweza kulisha watu watano mboga mara mbili kwa wiki. Katika mabonde ya Lukuledi, Mbwemkuru na Ruvuma, ambako unyevu haukauki kabisa, hayahitaji hata maji ya kuoga.

Kinu, sufuria na sumu

Mimea mitatu kati ya hii mitano ina sumu ikiwa mibichi, na jambo hili halipaswi kupitwa haraka, kwa sababu mapishi yaliyo salama kwa mmoja si lazima yamfae mwingine. Muhogo, mpira na chaya yote hubeba kemikali ambazo, tishu za jani zikivunjika, huachia haidrojeni sianidi. Mlonge na matembele havina tatizo hilo.

Kwa kisamvu, cha muhogo na cha mpira, bibi zetu waliipata njia iliyo sahihi kabisa kikemia bila kuingia maabara. Ndani ya jani lenyewe mna kimeng'enya kinachovunja ile kemikali na kuiachia sumu. Jani likiwa zima, vitu hivyo viwili vimekaa mbalimbali na havikutani. Mchi ukishuka kwenye kinu, vinakutana, sumu inaachiliwa, na kwa kuwa sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kiwango ambacho Mtwara hukifikia kabla ya saa nne asubuhi, sehemu kubwa hupotelea hewani, na mchemsho unamalizia. Kwa hiyo utaratibu una maana: kutwanga kwanza hadi kulainika, kukiacha kidogo, kisha kuchemsha bila mfuniko. Anayechemsha majani mazima kwanza ili kinu kiwe chepesi hukiua kile kimeng'enya kwa joto kabla hakijafanya kazi yake, na sehemu ya ile kemikali hubaki ndani ya jani. Kisamvu kinachouzwa sokoni kikiwa kimekwisha kusagwa kwa mashine kinakidhi sharti hili, mradi kichemshwe vya kutosha nyumbani.

Gharama ya njia hii ni muda na kuni. Kisamvu kizuri hukaa motoni saa moja au zaidi, na wapo wanaoongeza magadi ili kilainike haraka, tabia ambayo huharibu vitamini C pamoja na baadhi ya vitamini za kundi B. Palipo na kuni za kuokota si tatizo kubwa. Kwa anayepika kwa mkaa wa kununua katika mji wa Lindi au Masasi, sufuria moja ya kisamvu inaweza kumaliza mkaa ambao ungepika matembele siku nne.

Chaya haihitaji kinu, na hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya niitetee kwa kaya ambazo mwenye nguvu za kutwanga hayupo. Majani hukatwakatwa na kuchemshwa dakika 20 bila mfuniko, kisha huungwa kama mchicha. Yasiliwe mabichi kamwe, wala yasitiwe kwenye juisi ya kijani ambayo siku hizi vijana huisaga na ndizi. Kwa desturi hushauriwa pia yasipikwe kwenye sufuria ya alumini. Chungu cha udongo au sufuria ya chuma cha pua inatosha. Baadhi ya aina zina vinyweleo vinavyowasha, kwa hiyo anayepewa kipando na auguse ukingo wa jani la mmea mama kwanza. Zipo aina zilizochaguliwa kwa muda mrefu ambazo karibu hazina vinyweleo, na hizo ndizo za kutafuta.

Kuhusu mlonge, kazi haipo motoni. Majani yake huiva kwa dakika chache na yanaweza hata kuongezwa kwenye mchuzi wa dagaa mwishoni. Kazi ipo kwenye kupukusa: vijani ni vidogo, vijiti vyake ni vigumu, na sahani moja ya mboga huchukua muda mrefu kuliko mtu anavyodhani anapouona mti umejaa. Matembele yanapikwa upesi vivyo hivyo. Wengine huyamenya ngozi ya kikonyo ili yasikwaruze, wengine hawajali.

Nimesikia watu wakikiogopa kisamvu kwa sababu ya konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uliowapata watu wa Newala na Mtwara Vijijini mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi wao wakiwa kina mama na watoto. Chanzo chake kilikuwa mizizi ya muhogo mchungu iliyoliwa bila kuandaliwa vya kutosha, katika milo isiyo na protini ya maana kwa wiki nyingi. Mwili hutumia viini vya protini vyenye salfa kuiondoa sumu hiyo, na viini hivyo hupatikana kwenye samaki, dagaa na mayai. Kwa hiyo kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa vizuri, kikaliwa na dagaa, si cha kuogopwa. Cha kuogopwa ni unga wa makopa yaliyoharakishwa kukaushwa wakati wa njaa.

Lishe, kwa kifupi

Kwa gramu 100 za majani mabichi, mlonge una protini takribani gramu 9, kisamvu gramu 7, chaya gramu 5 hadi 6, na matembele gramu 2.5, sawa na mchicha. Tofauti hizo ni za kweli, ila zinapungua zinapofika mezani, kwa sababu mtu hula bakuli la matembele na vijiko vichache vya mlonge. Yote yana vitamini A kwa wingi katika umbo linalohitaji mafuta ili mwili uipokee, na hapo upishi wetu wa karanga na tui la nazi una faida ambayo wapishi wa mboga za kuchemsha tu wanaikosa. Unga wa mlonge uliokaushwa kivulini, si juani, huhifadhi sehemu kubwa ya vitamini hiyo na unafaa kunyunyizwa kwenye uji wa mtoto. Madai kwamba unatibu kisukari, presha na kila maradhi yanayoorodheshwa kwenye vikopo vya barabarani hayamhusu mtu anayetafuta mboga. Mizizi na magome ya mlonge yasitumiwe na mwanamke mjamzito.

Vipando, maradhi na salfa ya mikorosho

Muhogo katika ukanda wetu unasumbuliwa na batobato na michirizi ya kahawia, maradhi mawili ya virusi yanayoenezwa na nzi weupe na, zaidi ya hao, na sisi wenyewe tunaporithishana vipando. Kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kimekuwa kikifanya kazi ya mbegu za muhogo zinazohimili, na mwenye kuanza shamba jipya ana sababu ya kuuliza huko kabla ya kukata mashina ya jirani. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba mti wa mpira nao unaweza kuhifadhi virusi vya michirizi ya kahawia. Mti huo husimama miaka mingi wakati muhogo unang'olewa na kupandwa upya, kwa hiyo ukiwa pembeni ya shamba la muhogo unaweza kuwa ghala la ugonjwa. Aupandaye na aupande uani, mbali na shamba.

Chaya haina wadudu wengi wa kuhofia. Mlonge haupendi maji yaliyotuama na hushambuliwa na mchwa ukiwa mchanga. Mbuzi pia huupenda mno, na palipo na mbuzi wanaozurura miche yake haifiki goti bila uzio wa miiba. Matembele huliwa na viwavi, lakini hupona haraka, na yakizeeka hupandwa upya kwa kukata ncha za marando yaleyale.

Lililo kubwa kuliko yote hayo kwa mikoa hii ni salfa. Kuanzia Mei au Juni mikorosho huanza kupuliziwa salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na baadaye dawa za maji dhidi ya wadudu, wakati uleule ambao mboga za kudumu zinategemewa zaidi. Kivuli cha mkorosho ni pazuri kwa kukaa na pabaya kwa mboga: vumbi la salfa linatua kwenye majani, na viuatilifu vya maji ni hatari zaidi kuliko vumbi hilo. Mboga ipandwe upande ambao upepo wa msimu huo hautoki shambani, na kama dawa imeshaifikia, majani yaliyokuwepo siku hiyo yasiliwe mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa upite. Mti mrefu unaosimama wazi kwenye njia ya vumbi, kama mpira, hauna kinga yoyote. Kichaka kifupi nyuma ya ukuta wa jikoni kina nafuu.

Ladha

Hapa hukumu ni yangu. Kisamvu cha karanga na bada, yaani ugali wa muhogo, hakina mpinzani, na kati ya viwili, cha mpira ni laini zaidi kikitwangwa kingali kichanga. Matembele yaliyoungwa kwa nazi na nyanya ni mboga ya mgeni asiyetarajiwa, kwani yanaiva kabla hajamaliza kusalimia. Chaya haina ladha ya kukumbukwa, inafanana na mchicha mgumu kidogo, na hilo ni sifa kwa watoto wanaokataa uchungu. Mlonge peke yake kwenye sahani una ukali unaochosha, uchanganywe. Anayependa uchungu wenyewe ana mchunga, ambao ni wa kudumu pia kwa kuwa vishina vyake hutambaa chini ya ardhi na kuchipua hata baada ya jembe, lakini huo haulimwi, unaokotwa. Nderema, ile ya kutambaa yenye majani manene ya utelezi, ina nafasi kwenye uzio wa anayependa mlenda na mwenye maji ya kutosha. Nje ya hapo sioni sababu ya kuitanguliza.

Nani achague nini

Kwenye uwanda wa Makonde, yaani Newala na Tandahimba, maji yako mbali chini ya ardhi, na wakazi wengi hutegemea maji yanayosukumwa kutoka chemchemi na visima vya bondeni, kama Mitema, pamoja na visima vya kuvunia maji ya mvua. Ndoo inayonunuliwa haimwagwi kwenye tuta la matembele. Hapo ningepanda chaya tatu au nne karibu na mahali pa kuoshea vyombo, milonge miwili ya mbegu kwenye mpaka wa ua, na kuacha matembele yawe mboga ya kifuku tu. Mwenye kinu na watu wa kutwanga aongeze mpira mmoja, aukate kila mwaka mvua zinapoelekea kuisha.

Pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, maji ya visima mara nyingi yana chumvi, na viazi vitamu haviipendi. Kama maji ya kisima yanaacha ukungu mweupe kwenye ndoo yakikauka, matembele yapewe maji ya bomba au ya mvua, vinginevyo yaachwe. Udongo wa kichanga wa pwani unaufaa mlonge sana kwa kuwa hautuamishi maji, na nazi iko jirani kwa wanaopika kisamvu. Hapa mpira na mlonge ndio ningeanza nao, chaya ikifuata.

Walio mabondeni, wenye unyevu mwaka mzima, hawana haja ya kujisumbua: matembele kwanza, na muhogo wa majani pembeni mahali pasipofurika. Mlonge na chaya vikae juu kwenye kichuguu au mwinuko, kwani mizizi iliyozama kwenye maji wiki nzima huoza.

Mpangaji wa chumba mjini, asiyejua kama mwakani atakuwa nyumba ileile, hafaidiki na mti wa kusubiriwa. Matembele kwenye gunia la udongo au ndoo iliyotobolewa huanza kuchumwa baada ya wiki chache, na anapohama anakata marando na kuondoka nayo. Akiwa na mwenye nyumba mwelewa, chaya moja kwenye kona ya ua ni ombi dogo, na atakayekuja baada yake ataila.

Kwa wote, kazi ya kupanda ni ya Desemba, mvua ikiwa imekwisha kulowesha udongo kwa kina. Mbegu za mlonge ziwe za mwaka huohuo, kwa kuwa huota kwa shida zikikaa. Vipando vya chaya vikatwe kwenye matawi magumu, urefu wa shibiri moja na nusu, viachwe kivulini siku chache mpaka pale palipokatwa pakauke, ndipo vichomekwe. Vikipandwa vikiwa na utomvu mbichi kwenye udongo uliolowa sana, huoza chini kabla ya kutoa mzizi. Mpira na muhogo huchomekwa siku ileile, na marando ya matembele hufukiwa jioni, jua likiwa limepoa.